Bustani isiyoomba maji Rhotia

Barabara ya lami inayotoka Makuyuni ikishapita Mto wa Mbu hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa kona kali, na abiria akigeuka nyuma kwenye kona za juu huliona Ziwa Manyara limelala chini yake. Ukishafika juu, nchi inabadilika. Udongo unakuwa mwekundu, mashamba ya ngano, mahindi, mbaazi na ngwara yanapanda na kushuka vilima, na hewa inapoa. Hapo ndipo Rhotia, kata ya Wilaya ya Karatu iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mbele yake kuna msitu wa milima ya Ngorongoro, na nyuma ya milima hiyo, kwenye nchi kavu inayoshuka kuelekea Serengeti, kuna Korongo la Oldupai.

Magari ya watalii hupita Rhotia kutwa nzima yakitoka kwenye ziwa kwenda kwenye korongo, na ziwa na korongo vyote viwili vina majina ya mimea. Manyara ni mnyaa, ule mti wa vijiti vya kijani usio na majani ya maana, ambao Wamaasai huuita emanyara na kuupanda kuzungushia maboma. Oldupai ni mkonge pori, wenye majani manene yaliyochongoka, uliojaa kwenye kingo za korongo lenyewe. Wageni walilisikia jina hilo vibaya wakaandika Olduvai, na kosa hilo likaingia kwenye vitabu vya dunia nzima. Mimea yote miwili huweka akiba ya maji mwilini na kupita kiangazi bila msaada wa mtu. Rhotia imekaa katikati ya sehemu hizo mbili, na bustani zake nyingi hazina hata mmoja kati ya mimea hiyo.

Tazama nyumba na loji za kandokando ya barabara. Utakuta bogenvilia na jakaranda kutoka Amerika ya Kusini, utakuta waridi, utakuta lantana iliyokwisha kutoroka bustanini na kuvamia vichaka, na mbele ya nyumba uwanja wa ukoka unaofyekwa na kunyweshwa kila siku. Sina ugomvi na bogenvilia. Ikishashika mizizi huvumilia jua vizuri tu. Ugomvi wangu ni na ukoka wa kijani kibichi mwezi Septemba.

Mvua za Rhotia huanza na vuli mwezi Novemba, masika hukatika Mei, na kuanzia Juni hadi Oktoba ni vumbi. Kwa miezi hiyo mitano maji ya kata hii ni yale yanayotoka kwenye chemchemi na visima, na chemchemi zenyewe zinategemea msitu wa Ngorongoro, unaonasa ukungu na mvua na kuviachia polepole kuelekea mabondeni. Maji ya milima hiyo ndiyo yanayonyweshwa watu na mifugo wa Karatu, na yakishuka ukingo wa Bonde la Ufa ndiyo yanayomwagilia mpunga na migomba ya Mto wa Mbu. Mwezi wa tisa utawakuta kina mama na watoto njiani wakiswaga punda waliobeba madumu. Punda mmoja hubeba madumu manne ya lita 20, yaani lita 80, na safari ya kwenda na kurudi inaweza kula asubuhi nzima. Bomba la kunyunyizia ukoka humaliza maji hayo kabla mgeni hajamaliza kikombe chake cha kahawa. Bustani ya namna hiyo haipaswi kuwa ndiyo kipimo cha uzuri katika nchi hii, na hakuna sababu iwe, wakati mimea inayojitegemea ipo na ni mizuri.

Nianze na oldupai, kwa kuwa ndiyo inayonivutia kuliko yote.

Mtu anayeiona kwa mara ya kwanza huidhani mkonge wa kawaida uliodumaa. Ukisogea karibu tofauti inaonekana. Majani ya mkonge wa shambani hutoka pande zote kuzunguka shina. Ya oldupai hupangana pande mbili tu, kushoto na kulia, moja juu ya jingine, yakatanuka kama kipepeo cha kupepelea moto. Jani moja linaweza kuzidi mita moja na nusu kwa urefu. Ni la kijani chenye ubuluu, gumu, na upande wa ndani lina mfereji unaoanzia karibu na ncha hadi chini. Ukingo wa mfereji huo una mstari wa rangi ya kahawia iliyoiva, na pembeni mwake uzi mweupe mwembamba sana, utafikiri umechorwa kwa kalamu. Ncha ni mwiba wa kweli. Mvua kidogo inayodondoka juu ya jani huingia kwenye mfereji na kuteremka moja kwa moja hadi kwenye mzizi. Umande nao hufuata njia hiyo hiyo.

Lipasue jani hilo kwa kisu. Ndani kuna nyama nyeupe yenye maji ya kunata, na katikati ya nyama nyuzi ndefu imara zilizonyooka kutoka chini hadi juu. Kwa nyuzi hizo wafugaji wamesokota kamba tangu zamani, na maji yake wameyapaka kwenye vidonda. Tembo nao wanaijua. Wakati wa kiangazi hung'oa majani, huyatafuna kwa ajili ya maji, kisha huzitema nyuzi. Anayetembea kwenye nchi kavu za kaskazini hukutana na mafundo hayo meupe yaliyotafunwa, yametapakaa kandokando ya njia za tembo.

Maua yake wengi hawajayaona, kwa sababu hufunguka usiku. Shina la maua hutoka katikati ya majani na kupanda hadi mita mbili, likiwa na matawi yaliyojaa vishada vya maua membamba meupe yenye kivuli cha zambarau. Asubuhi jua likichomoza yamekwisha kufumba.

Usiku ndio saa za kazi za mmea huu kwa jambo jingine pia. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya ukaa ya kutengenezea chakula, na maji hupotea kupitia vitundu hivyo hivyo. Oldupai na mishubiri huvifunga mchana kutwa. Huvifungua usiku, hewa ikiwa imepoa na ina unyevu, huvuta hewa ya ukaa na kuitunza ndani ya jani ikiwa asidi, kisha mchana huitumia chini ya jua milango ikiwa imefungwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 mtaalamu wa mimea Benjamin Heyne, akiwa India, alitafuna jani la mmea wa jamii ya kalanchoe alfajiri akalikuta chachu; mchana likawa halina ladha, na jioni likaelekea uchungu. Alikuwa ameonja akiba ya usiku mzima. Asitokee mtu wa kurudia jaribio hilo Rhotia, maana kalanchoe nyingi zina sumu na huua ng'ombe.

Kitaalamu oldupai iliitwa Sansevieria ehrenbergii kwa miaka mingi. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba mimea yote ya kundi la Sansevieria ni ya jenasi ya Dracaena, na sasa inaitwa Dracaena hanningtonii, jina linalomkumbuka Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Hii inamaanisha kwamba oldupai ni ndugu wa karibu wa masale, yale majani ambayo Mchaga huyapanda kwenye mpaka wa kihamba na kuyapeleka kwa jirani anapoomba msamaha. Mmea wa kijani kibichi wa migombani na mmea wa jangwani ni jamaa moja. Oldupai yenyewe hupatikana kutoka kaskazini mwa Tanzania, kupitia Kenya, Ethiopia na Somalia, hadi ng'ambo ya Bahari ya Shamu, Yemen na Oman. Ni mmea wa ukame wa pande zote mbili za bahari.

Wanasayansi waliolipa korongo umaarufu walifanya kazi zao katikati ya mimea hii. Daktari wa Kijerumani Wilhelm Kattwinkel alifika mwaka 1911, Hans Reck akafuata mwaka 1913, Louis Leakey mwaka 1931, na mwaka 1959 Mary Leakey akaokota mabaki ya fuvu la Zinjanthropus. Maktaba nzima zimeandikwa juu ya mifupa ya pale. Juu ya mmea uliotoa jina, mtalii huambiwa sentensi moja pale juu ya korongo, kisha gari linawashwa.

Wapenda bustani wa mijini wamezoea mimea ya namna hii inayotoka pwani. Pwani ya Waswahili nayo ina utajiri wake. Kuna Aloe massawana, mshubiri unaoota kwenye mchanga na mawe ya matumbawe hatua chache kutoka baharini, unaovumilia chumvi na upepo. Kuna mkonge pori wa majani mapana yenye mabaka, ambao zamani uliitwa Sansevieria kirkii, jina linalomkumbuka John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar. Na kuna Zamioculcas zamiifolia, mmea wa misitu ya pwani kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, wenye majani yanayong'aa na viazi vinavyotunza maji chini ya ardhi. Huu wa mwisho una kisa cha kusikitisha kidogo. Kwa zaidi ya karne moja na nusu wataalamu waliujua, lakini ni miaka ya 1990 wakulima wa maua wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi. Leo umejaa kwenye ofisi na kumbi za hoteli kutoka Dubai hadi New York, na hapa kwetu watu wanaununua kwa bei ya mmea wa kigeni.

Je, mimea hiyo ya pwani inaifaa Rhotia? Ndani ya nyumba, kwenye chungu karibu na dirisha, sawa. Nje, hapana. Juni na Julai Rhotia ni baridi. Asubuhi ukungu hushuka kutoka msituni, jua huonekana saa nne, na watu wanavaa makoti. Mmea uliozoea joto la bahari usiku na mchana hulowa, husinyaa na kuoza shingoni kwenye hali hiyo. Anayetaka kufuata mfano wa pwani aufuate kwa maana yake: mtu wa ufukweni apande wa ufukweni, na wa Rhotia apande wa nyanda za juu za kaskazini. Oldupai imezoea usiku wa baridi, kwa kuwa korongo lake nalo liko juu, zaidi ya mita 1,300.

Lakini hapa kuna jambo ambalo mtu wa Rhotia lazima alielewe kabla hajashika jembe, na ndilo linaloangusha bustani nyingi za mimea ya ukame. Korongo la Oldupai liko upande wa milima usiopata mvua. Mawingu yanayotoka baharini humwaga maji yake kwenye miteremko ya mashariki ya Ngorongoro, na yakivuka yamebaki na machache. Rhotia iko upande unaomwagiwa. Tena udongo wake mwekundu ni mfinyanzi, ambao kiangazi hupasuka na masika hushika maji kwa siku nyingi. Kwa hiyo adui wa oldupai hapa ni Aprili. Septemba haiisumbui hata kidogo. Mmea wa ukame ukifa Rhotia, karibu kila mara umekufa kwa maji.

Kazi yote, basi, ni ya kuyaondoa maji miguuni mwake. Chagua mteremko, na Rhotia imejaa miteremko. Kama kiwanja ni tambarare, inua tuta la angalau sentimita 30. Chini kabisa tandaza mawe yaliyovunjwa, kisha jaza mchanganyiko wa udongo mwekundu sehemu moja, mchanga mnene wa korongoni sehemu moja, na changarawe sehemu moja. Mawe mepesi yenye matundu ya volkano, yasiyokosekana kwenye nchi hii, ni bora kuliko kokoto za kununua kwa sababu hunyonya unyevu na kuuachia kidogo kidogo. Samadi mbichi isiguse tuta hili. Mboji iliyoiva kabisa, konzi mbili kwa shimo, inatosha kwa miaka.

Mche haupatikani kwa mbegu. Oldupai hutambaa chini ya ardhi kwa shina nene la rangi ya machungwa hafifu, na kila mwaka hutoa machipukizi pembeni ya mama. Chimbua pembeni taratibu mpaka uone mahali chipukizi linapoungana na mama, kata kwa kisu kikali, kisha uliweke chipukizi kivulini, juu ya gunia, kwa wiki moja hadi mbili. Usilimwagie maji wala usilifukie. Jeraha la kukatwa linatakiwa likauke na kufanya ngozi ngumu, kwa kuwa jeraha bichi likigusa udongo wenye unyevu ndipo uozo unapoingilia. Hata jani peke yake, likikatwa vipande vya urefu wa kiganja na kukaushwa vivyo hivyo, huota mizizi likichomekwa kwenye mchanga, mradi upande uliokuwa chini ubaki chini. Ila hiyo ni njia ya mwenye subira kubwa.

Panda Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Juni watu wengi wana nafasi baada ya kuvuna, na kishawishi cha kupanda wakati huo kipo, lakini udongo ni baridi na mizizi hulala. Septemba ardhi inapata joto, mizizi inaanza kutoka, na mvua za vuli zikija Novemba zinaukuta mmea umeshika. Baada ya kupanda acha wiki mbili bila maji, halafu mpe nusu lita kila baada ya wiki tatu hadi vuli ianze. Mwaka wa pili usimpe kitu. Najua inauma mkono wa mtu aliyelelewa akiambiwa kwamba ua lisiponyweshwa hufa, lakini hapa kumnyima ndiko kumtunza.

Dalili ya kwanza ya maji kuzidi ni jani kulainika pale linapotoka ardhini, likapoteza ubuluu na kuwa na rangi ya njano inayong'aa. Ukilibonyeza linaingia. Fukua mara moja, kata mpaka ufikie nyama nyeupe isiyo na harufu, paka majivu ya jikoni, kausha kivulini na upande upya mahali pa juu zaidi. Vidudu vyeupe vya unga vikionekana kwenye mfereji wa jani, vifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Fuko anaweza kuishughulikia mizizi, kama anavyofanya kwenye viazi vyetu vyote, na dawa yake ni yale mawe uliyotandaza chini ya tuta.

Kwa kuwa ncha ni mwiba, panda umbali wa mita moja na nusu kutoka njia na mbali kabisa na wanakochezea watoto. Baadhi ya watunza bustani hukata ncha kwa mkasi, jani haliumii. Na anayeishi pembezoni kabisa mwa msitu, ambako tembo hushuka usiku kufuata mahindi, asiipange oldupai kwenye uso wa nyumba unaotazama hifadhi. Tembo wa kiangazi hana haja ya kukaribishwa.

Pahali pazuri kuliko pote pa kuipanda, kwa maoni yangu, ni juu ya matuta ya kinga maji. Makorongo yanayokula mashamba ya Rhotia kila masika ni jeraha linaloonekana kutoka barabarani, na Wairaqw, wenyeji wa hapa, ni watu wenye sifa ya miaka mingi ya kuitunza ardhi ya milimani. Mstari wa oldupai ukipandwa juu ya tuta la fanya juu, shina lake la chini hutambaa na kulifunga tuta, majani husimamisha udongo unaoteremka, na kiangazi mifugo ikiachiwa kula mabua haiuharibu mstari huo. Nyasi za malisho zifanye kazi yake pale pale. Oldupai ikae juu kabisa, mahali pakavu ambapo nyasi hufa.

Bustani haiwezi kuwa ya mmea mmoja. Mshubiri ndio mwenzake wa kwanza. Kwa mazoea kila mshubiri sasa unaitwa alovera, lakini Aloe vera asili yake ni Bara Arabu, na kaskazini mwa Tanzania tuna ya kwetu kadhaa. Aloe secundiflora ni ya tambarare kavu: haina shina, ina majani ya kijani cha giza yanayong'aa, na maua mekundu yaliyosimama upande mmoja wa kila tawi. Aloe lateritia ina majani yenye madoadoa meupe na kichwa cha maua ya rangi ya machungwa, na hustahimili baridi na unyevu wa nyanda za juu kuliko wenzake. Kwa Rhotia hiyo ningeitanguliza. Aloe volkensii huota shina na kuwa mti mfupi, ikiwa juu ya ukuta wa mawe hakuna kinachoipita kwa umbo.

Mishubiri hii huleta kitu ambacho ukoka hauwezi kukileta, nacho ni ndege. Inapochanua wakati wa ukavu, ndege waitwao chozi hujaa: wadogo, wenye mdomo mrefu uliopinda, madume wakiwa na manyoya ya kijani au ya shaba yanayowaka juani. Hushika shina la ua, huingiza mdomo ndani ya kila kikombe, na hutoka na kichwa chenye chavua ya njano. Kaa nao karibu utaona kwamba wana utaratibu, wanaanza na maua ya chini yaliyofunguka na kupanda juu, na dume mmoja akishalimiliki shina humfukuza kila anayesogea. Nyuki nao hupata chakula wakati mashamba hayana ua. Kwa mwenye mizinga, hilo lina faida ya fedha.

Wafugaji wa kuku wana matumizi yao: huponda majani ya mshubiri kwenye maji ya kunywa mdondo ukiingia kijijini. Waendelee, lakini chanjo ndiyo kinga. Na ule utomvu wa njano unaotiririka jani likikatwa ni mchungu na huharisha. Usinywewe kwa kufuata maneno ya barabarani.

Mnyaa nao upandwe, kwa hadhari zaidi. Kijiti kilichokatwa na kukaushwa siku chache kikichomekwa ardhini hushika chenyewe, na baada ya miaka michache uzio umekamilika bila waya wala nguzo za kukata msituni. Utomvu wake mweupe ndio hatari. Ukiingia machoni unaweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa au kuliharibu jicho kabisa, kwa hiyo anayeupunguza avae miwani na glovu, afanye kazi akiwa na maji safi karibu, na asichome matawi yake, maana moshi nao huwasha. Uzio wa mpakani unafaa. Karibu na shule au uwanja wa watoto, hapana.

Swali linalobaki ni miche itoke wapi. Isitoke hifadhini. Kuchimbua mmea ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro hakuruhusiwi, na hata nje yake karibu mishubiri yote isipokuwa Aloe vera, pamoja na jamii ya mnyaa yenye kuhifadhi maji, imo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979. Haivuki mpaka bila kibali. Kuna watu duniani wanaolipa fedha nyingi kwa mimea ya namna hii, na sehemu kadhaa za Afrika ya Kusini zimekwisha kuibiwa vilima vizima. Tusingoje yatufike.

Njia halali ni rahisi tu. Oldupai na mishubiri imo tayari kwenye mipaka ya mashamba ya wenyewe, kwenye viunga vya makaburi ya zamani, kwenye maboma ya jamaa waliohamia. Mwenye kichaka kimoja kikubwa cha oldupai anaweza kukigawa miche kumi bila kukidhuru. Mishubiri hutoa mbegu kwa maelfu, vidonge vya mbegu vikikauka hupasuka vyenyewe, na mbegu zikimwagwa kwenye trei la mchanga na kufunikwa kidogo huota ndani ya wiki chache. Asiye na hakika ana mmea gani apeleke jani na ua Arusha, kwenye Hebaria ya Taifa iliyo chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA.

Vijana wa Rhotia wanaouza miche ya matunda na maua kando ya barabara wana soko mbele ya macho yao. Loji zipo, zinaongezeka, na kila moja ina bustani. Mgeni aliyetoka kuliona korongo asubuhi angefurahi kuikuta oldupai jioni mbele ya chumba chake, ikiwa na kibao chenye jina lake na maelezo mafupi, na mtunza bustani wa Kiiraqw wa kumwonyesha mfereji wa jani na kumpasulia moja azione nyuzi. Wenye loji ndio wa kuanza kuagiza, kwa kuwa wao ndio wenye ukoka mkubwa na bili kubwa ya maji. Waanze na robo ya uwanja: waung'oe ukoka, wajenge matuta ya mawe, wapande, na waisome dira ya maji mwisho wa kiangazi.

Anayeagiza aagize mapema. Kichaka cha mama kikigawanywa Agosti, jeraha linakauka kwa wakati, na miche inakuwa tayari kuingia ardhini Septemba.